Kuhamia Linux kutoka Windows: anza na programu zako, mfumo uje mwisho

Kufuli_Wazi

Wakuu, salamu.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali limekuwa moja: mashine yangu nzima, inawaka vizuri, ila Windows 11 inaikataa, je nihamie Linux, mfumo endeshi wa bure? Majibu nayo ni yale yale. Mmoja anasema weka Mint, mwingine Ubuntu, wa tatu anakuja na Arch, wanaanza kurushiana maneno, na aliyeuliza anaondoka kimya kimya bila msaada.

Mimi nasema distro (toleo la Linux, kama hayo matatu) siyo inayoamua kama mtu atabaki Linux au atarudi alikotoka. Kinachoamua ni utaratibu. Wengi wanafuta Windows Ijumaa usiku, wanapiga Linux, Jumatatu asubuhi ndipo wanagundua programu wanayoitegemea kazini haipo. Hapo lawama zote zinaangukia Linux. Geuza mpango: badili programu zako kwanza, ukiwa bado ndani ya Windows unayoijua, halafu mfumo wenyewe uje mwisho kabisa.

Kabla sijaenda mbali, hakikisha kweli mashine yako imekataliwa. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ukaguzi wa mfumo wakati mashine inawaka), na prosesa ambayo kwa Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Lakini zipo mashine ambazo TPM iko ndani, imezimwa tu. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka): kwenye Intel utaikuta kwa jina la PTT, kwenye AMD fTPM. Iwashe, jaribu tena. Na kwa anayehitaji muda wa kujipanga, Microsoft walitoa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Muda huo ndio wa kufanyia haya ninayoyasema.

Sasa orodha. Wiki nzima, kila programu unayoifungua iandike. Usiandike kwa kukumbuka, andika pale pale unapoifungua, maana vinavyosahaulika ni vile vidogo: ya skana, ya kusaini PDF, ile ya kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Kwa watu wengi orodha inatoka fupi kuliko walivyodhani, na sehemu kubwa yake ni mambo ya ndani ya kivinjari. Firefox, Chrome, VLC, Telegram na Zoom zote zina toleo la Linux na utazikuta kama ulivyoziacha. WhatsApp hawana programu rasmi ya Linux, utaitumia kwenye kivinjari.

Kazi yenyewe iko kwenye Word na Excel. Pakua LibreOffice, programu ya ofisi inayofungua faili za Word na Excel, kwenye Windows yako hiyo hiyo, ni bure, kisha ufungue nyaraka zako za kweli, sio barua ya majaribio ya mistari mitatu. Fungua CV. Fungua ripoti yenye majedwali na namba za kurasa. Fungua lile faili la Excel unalolichukia. Ukiwa bado Windows fonti zako zote zipo, kwa hiyo kasoro utakayoiona hapo inatokana na LibreOffice yenyewe, na ni vizuri uijue mapema.

Ukishafika Linux inaongezeka sababu ya pili, nayo ni fonti. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bila kujua tatizo ni nini. CV iliyokuwa ukurasa mmoja inamwaga mistari miwili ukurasa wa pili, jedwali linavimba, mtu anasema "LibreOffice imeniharibia". Waraka uliandikwa kwa Calibri, Calibri ni mali ya Microsoft na Linux haiji nayo, kwa hiyo mfumo umeweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Dawa ipo. Kuna fonti inaitwa Carlito, imechongwa ili kila herufi ichukue upana ule ule wa Calibri. Caladea inafanya hivyo kwa Cambria, na Liberation Serif inasimama badala ya Times New Roman. Kwenye familia ya Debian, Ubuntu na Mint kifurushi kinaitwa fonts-crosextra-carlito. Kiweke, funga LibreOffice, fungua tena, na ile mistari miwili inapanda kurudi ukurasa wa kwanza. Maumbo ya herufi yatatofautiana kidogo, lakini mstari unakatika pale pale ulipokuwa ukikatika.

Makro za VBA (amri za kujiendesha ndani ya faili za Word na Excel) ni habari nyingine. LibreOffice inaendesha baadhi, nyingine zinagoma. Access (ya hifadhidata) haina mrithi wa moja kwa moja. Adobe hawatengenezi Photoshop, Illustrator wala Premiere kwa ajili ya Linux. GIMP 3.0 ya Machi 2025 imepiga hatua, Krita na Inkscape ni programu nzuri, ila mtu anayelipwa kwa kutumia Photoshop asidanganywe. Huyo abaki alipo, au awe na mashine mbili. Nasema hivi nikiwa mtu wa Linux.

Orodha ikishakaa sawa, yaani umefanya kazi zako zote kwa programu mpya na hukuirudia ya zamani, ndipo tengeneza flashi. Pakua ISO (faili la kusakinishia Linux) kwenye tovuti ya wenyewe na uihakiki. Najua wengi mnairuka hatua hii. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaelekeza watu kupakua ISO iliyotiwa mlango wa nyuma. Mdukuzi aliyeiteka tovuti anaweza kubadilisha hata namba ya SHA256 (ya kuhakikisha faili halijabadilishwa) iliyoandikwa pale, ndiyo maana kuna na sahihi ya kidijitali ya GPG juu ya namba hizo. Sahihi hawezi kuighushi.

Washa mashine kwa flashi bila kusakinisha chochote. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo. Funga kifuniko, subiri kidogo, fungua uone kama inaamka. Jaribu printa. Kama Wi-Fi haionekani, unganisha simu kwa waya wa USB na uchukue intaneti ya simu, kisha utafute draiva. Kitakachokusumbua hapo kitakusumbua na ukisakinisha, kwa hiyo bora kukijua wakati Windows bado ipo.

Naomba kuwasilisha.

Panya_Mkononi

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu usije ukaususa uzi, maswali yanakuja.

Sudo_Mwenyewe

Mkuu Kufuli, mnawalea watu sana. Sisi tulifuta Windows siku moja, tukaumia, tukajifunza. Mtu ukimwachia mlango wazi atarudi tu. Aweke Arch, asome mwongozo wao wa mtandaoni mstari kwa mstari, baada ya mwezi anaijua kompyuta kuliko fundi. Hizi orodha ni za watu wasiotaka kuhama.

Kufuli_Wazi

Mkuu Sudo, wewe ulitaka kuijua kompyuta. Mwenzako anataka kumaliza ripoti. Hayo ni mahitaji mawili tofauti na yote ni halali.

Na hii ya programu kwanza sijaitoa kichwani. Angalia Gendarmerie, jeshi la polisi la Ufaransa. Mwaka 2005 waliingia OpenOffice (ndugu mkubwa wa LibreOffice), 2006 wakaingia Firefox na Thunderbird (ya barua pepe), yote hayo wakiwa bado juu ya Windows. Ubuntu ilianza kuingia 2008. Askari aliyekuwa anaandika taarifa kwa OpenOffice siku ya Jumatatu aliendelea kuiandika kwa OpenOffice ile ile mfumo ulipobadilika chini yake. Leo wana makumi ya maelfu ya mashine zinazotumia Linux. Wale hawakuhama kwa kuumia.

Karani_wa_Zamu

Mkuu umechagua mfano unaokufaa. Mbona hutaji Munich, Ujerumani? Jiji lile liliamua kuhama 2003, nao wakaanza na OpenOffice na Firefox juu ya Windows kama unavyohubiri. Hadi 2013 walikuwa na mashine kama 15,000 zenye LiMux, Linux yao wenyewe. Halafu 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Utaratibu wako waliufuata na bado wakarudi.

Mimi niko ofisini. Tatizo langu sio Word yangu, ni Word ya wengine. Napokea faili kutoka idara nyingine lina makro, nalijaza, nalirudisha, na kule wakikuta kisanduku kimesogea wananiambia nirudie. Ningekuwa peke yangu ningehama kesho.

Kufuli_Wazi

Karani, hapo umenibana na sikatai. Uzi huu ni wa mtu na mashine yake. Ofisi ni uamuzi wa ofisi: kama unaowatumia faili hawajahama, wewe unabeba gharama ya wote. Munich ilikuwa na siasa ndani yake pia, kura ile ilipigwa na wanasiasa, si mafundi. Ila hoja yako ya faili za idara nyingine ilikuwa moja ya malalamiko ya kweli kule.

Ndiyo maana nawafuatilia sana Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyo hiyo. Walitangaza 2024 kwamba mashine kama 30,000 za serikali ya jimbo zinaingia LibreOffice, na barua pepe nazo zikahamishwa, huku Linux ikiwa mbele yao bado. Pale ni serikali nzima inahama pamoja, kwa hiyo anayekutumia faili naye yuko upande wako.

Kwa hali yako, kitu cha kuokoa angalau nusu ya safari: waraka wa kusoma tu utume kwa PDF, usiutume kwa docx. La makro, lifungue kwenye mashine ya ofisi, basi.

MamaFaili

Kaka zangu, mimi sio mtaalamu, naomba mniambie kwa lugha rahisi. Picha za watoto na kazi zangu zote ziko kwenye D. Nikiweka Linux kwenye C, D itabaki?

Bisibisi

Dada, ngoja nikujibu mimi maana hizi mashine zinaletwa kwangu zikiwa zimeshaharibika.

Ukifika kwenye kisakinishi utaona chaguo la "Erase disk" (futa diski). Hilo halina maana ya C. Lina maana ya diski nzima: C, D, na ile sehemu ya kurejesha Windows aliyoiweka mtengenezaji. Watu wanabonyeza hapo wakijiambia D iko salama. Linux haitumii herufi C na D, utaona majina kama sda1, sda2 au nvme0n1p3, na unachoweza kukitambua ni ukubwa wake tu na neno NTFS (muundo wa diski za Windows) pembeni. Kwa hiyo kabla ya lolote, nakili picha kwenye diski ya nje, fungua picha mbili tatu kutoka huko uone zinafunguka, halafu CHOMOA hiyo diski uiweke kabatini. Bakapu ambayo bado imechomekwa wakati wa kusakinisha naiita bahati nasibu.

Pili, kabla hujagusa chochote angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Mashine nyingi za miaka hii zinakuja zimefungwa na mwenyewe hajui. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utakuta ufunguo wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi. Bila ufunguo huo ukibadilisha kitu BIOS, Windows inaweza kukuuliza na huna cha kujibu.

Kama unataka kubaki na zote mbili, punguza C ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management yake yenyewe, usiiachie Linux kazi hiyo. Na uzime Fast Startup. Ikiwa imewashwa, ukizima Windows haizimiki kabisa, inalala nusu. Ukija Linux unaikuta D inasomeka lakini huwezi kuhifadhi kitu, na unadhani diski imekufa.

Saa nayo itakuchanganya. Utatoka Linux, utaingia Windows, saa imeruka kwa masaa kadhaa. Hakuna betri iliyokufa. Windows inaandika saa ya mahali ulipo kwenye ubao wa mashine, Linux inaandika UTC (saa ya dunia). Ndani ya Linux fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `timedatectl set-local-rtc 1` na ugomvi umeisha.

Panya_Mkononi

Bisibisi mimi nimekwama sehemu nyingine. Nimewasha kwa flashi, kila kitu kiko poa, lakini kisakinishi kinasema hakuna diski. Diski ipo, Windows inaitumia kila siku!

Bisibisi

Ingia BIOS uangalie sehemu ya diski kama imeandikwa RAID, RST au VMD. Ndiyo hiyo. Hizo ni namna za kuunganisha diski, na Linux nyingi zinataka ile inayoitwa AHCI. Lakini usibadilishe hivi hivi halafu ukawasha Windows, inaweza kugoma kuwaka na kukuonyesha kioo cha bluu. Kwanza ipeleke Windows kwenye Safe Mode, ndipo ubadilishe BIOS, iwake mara moja ikiwa Safe Mode ipate kujua draiva mpya, kisha uirudishe kawaida. Na ufunguo wa BitLocker uwe mkononi.

Joystick_Butu

Magemu je? Maana ndiyo yote yaliyobaki kwenye orodha yangu.

Sudo_Mwenyewe

Hapa nitakujibu vizuri bila Arch, usiogope 😄

Valve, wenye duka la magemu la Steam, walitoa Proton, inayoendesha magemu ya Windows ndani ya Linux, mwaka 2018, na tangu Steam Deck itoke 2022, mashine ambayo yenyewe inaendeshwa na Linux, kasi ya maboresho imekuwa kubwa. Magemu ya kucheza peke yako, mengi unabonyeza tu yanacheza. Ingia tovuti ya ProtonDB, andika jina la gemu, usome ripoti za watu wenye kadi kama yako.

Tatizo ni ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaoingia ndani kabisa ya kiini cha Windows. Valorant haichezeki. Fortnite haichezeki. Siyo kwamba Linux imeshindwa kuyaendesha, wenye gemu hawaruhusu. Kama unaishi kwa hayo mawili, hapa namuunga mkono Kufuli: usihame, au acha Windows kwenye kona ya diski.

Joystick_Butu

Mkuu nina kadi ya picha ya NVIDIA.

Bisibisi

Basi sikiliza hili kabla halijakukuta. Ukiweka draiva ya NVIDIA huku Secure Boot imewashwa, mfumo utakuomba utunge nywila ya muda. Watu wanatunga yoyote wanasahau. Ukiwasha upya linakuja dirisha la bluu ambalo hujawahi kuliona, limeandikwa "Perform MOK management", na linahesabu sekunde kurudi nyuma. Mtu anaogopa, anaacha linapita, mashine inawaka, draiva haifanyi kazi, anakuja humu kulalamika. Bonyeza kitufe chochote kabla sekunde hazijaisha, chagua "Enroll MOK", kubali, weka ile nywila, washa upya. Hapo umeiambia mashine kwamba draiva hii umeiidhinisha wewe. Ukilikosa dirisha, rudia kuweka draiva, kwa kawaida litarudi.

Panya_Mkononi

AHCI imekubali, niko ndani! Swali la mwisho. Ni kweli Linux haina virusi? Maana hiyo ndiyo sababu iliyonileta.

Kufuli_Wazi

Hongera mkuu. Ila sio kweli, na anayeambiwa hivyo anaacha kujihadhari. Virusi vya kawaida vya Windows havitakugusa, hilo sawa, na kupata programu kutoka hazina ya distro badala ya kuokota faili za kusakinisha mitandaoni kunakukinga na mengi. Lakini Machi 2024 ulikutwa mlango wa nyuma ndani ya xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila distro. Aliyeutia alijenga uaminifu kwa muda mrefu hadi akapewa mamlaka ya kusimamia mradi. Ukagunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa mbali) kumechelewa kama nusu sekunde akaamua kuchimba. Matoleo ya majaribio yalikuwa yameshaupokea, matoleo tulivu mengi yakaponea chupuchupu.

Kwa hiyo: sasisha, usibandike amri ya sudo (yenye mamlaka yote ya mashine) usiyoielewa kutoka kwa mtu usiyemjua, na hapa nawahesabu hata sisi wa kwenye uzi huu.

MamaFaili

Nimefanya orodha kama ulivyosema kaka Kufuli. Chrome kutwa nzima. Word, Excel ya hesabu za kikundi (haina makro, ni kujumlisha tu). WhatsApp. Kuskani vyeti. Picha. Mashine ina RAM ya GB 4 na sijui prosesa. Niweke ipi?

Sudo_Mwenyewe

Ar...

Kufuli_Wazi

Sudo tulia 😂

Dada, orodha yako ni nyepesi kuliko nyingi nilizoziona. Mashine ya GB 4 chukua Linux Mint, toleo la Xfce (lenye muonekano mwepesi). Familia ya Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi 2029. Usitarajie miujiza: Xfce yenyewe haili RAM nyingi, lakini Chrome ni ile ile na itakula ile ile. Ukifungua kurasa ishirini kwa GB 4 itakwama Linux kama inavyokwama Windows. Kama fundi anaweza kukuongezea RAM, hiyo itakusaidia kuliko distro yoyote.

Kwenye orodha yako kitu kimoja tu kinanitia wasiwasi, skana. Printa nyingi za sasa zinaunganishwa bila draiva, ila skana za zamani zina ukaidi wake. Ukiwasha kwa flashi, fungua "Document Scanner", weka cheti kimoja, uone kama kinatoka. Kikigoma, tuandikie namba ya modeli ilivyoandikwa mgongoni mwa skana tuiangalie kwenye orodha ya SANE (draiva za skana za Linux) kabla hujafuta chochote.

Kwa leo usiguse mfumo. Weka LibreOffice kwenye Windows hiyo hiyo na hesabu za kikundi za mwezi huu zifanyie humo. Faili la zamani liache kama lilivyo, fanyia kazi nakala.

MamaFaili

Nimeshapakua. Imefungua hesabu, ila tarehe zimegeuka, mwezi umekaa mbele ya siku.

Kufuli_Wazi

Tools, kisha Options, kisha Languages and Locales, General. Hapo kwenye Locale itakuwa imekaa English ya Marekani. Weka Kiswahili au English ya Uingereza, bonyeza OK, funga faili ulifungue tena. Kama kuna seli zitakazobaki zimegeuka, hizo zimeandikwa kama maandishi, sio tarehe. Weka hapa picha ya safu moja tuione, ukifunika majina ya wanakikundi.